Mgongo wa Madoido

Mikono yangu imeonekana kwenye televisheni mara nyingi kuliko uso wa waziri yeyote, lakini uso wangu hakuna anayeujua, na mimi nashukuru. Ile mikono inayomchana nywele mwanasesere Madoido kwenye tangazo, inayomvalisha kiatu kimoja halafu cha pili, ndiyo hii. Kicheko unachokisikia ni cha msichana mwingine, yule mwenye meno mazuri. Mshangao ni wa mwingine tena. Walihitaji wasichana watatu ili wapate mtoto mmoja mwenye furaha.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya haya. Siku ya kuchagua watoto walitupanga mstari mbele ya kamera, kila mmoja aseme, "Madoido, nakupenda." Wenzangu waliisema mpaka na machozi. Ilipofika zamu yangu nikaangalia viatu vyangu. Meneja wa matangazo akasema, "Huyu ni mti." Mpiga picha akamjibu, "Sawa, lakini tazama mikono yake, haitetemeki." Wakaniweka chini ya meza, wakanifunika kitambaa cheusi, ikabaki mikono tu juu. Tangu siku hiyo pale studio jina langu likawa Mikono. Shuleni naitwa Kimya. Nyumbani naitwa mwanangu, na hilo ndilo pekee ninaloliitikia kwa sauti.

Mama ndiye aliyenipeleka pale, maana yeye alikuwa fundi cherehani wa Madoido kwa miaka kumi na moja. Usicheke. Kumshonea mtu mzima ni kazi, lakini kumshonea mtu mwenye urefu wa rula ya shule, kiuno kama shingo ya chupa, na kifua cha mtu aliyeshika pumzi tangu azaliwe, hiyo ni adhabu. Vifungo vyake ni vidogo kama mbegu za nyanya. Kikidondoka kimoja, chumba kizima tunatambaa.

"Huyu mwanamke hali," mama alikuwa akisema akimpima. "Na hata angekula, chakula kingepita wapi?"

Watu wanadhani Madoido ni mmoja. Pale mezani walikuwa watano. Kulikuwa na Madoido wa kusimama, aliyepigiliwa msumari kwenye nyayo. Kulikuwa na Madoido wa kukaa, aliyekatwa magoti kwa msumeno, kwa sababu yule wa dukani ukimkalisha miguu inakwenda mbele kama mipini ya mkokoteni. Madoido wa nywele alikuwa amepuliziwa dawa mpaka ukimgonga kichwani analia kama sufuria. Madoido wa uso hakuwa na mwili. Wa tano ni wa akiba, akisubiri mmojawapo avunjike. Na nyuma yao alisimama Kamanda Chuma, mwanasesere wa wavulana, yule anayeokoa dunia kila Jumamosi katuni ya Madoido ikiisha. Pale studio kazi yake ilikuwa kumshika Madoido kiuno kwa nyuma asianguke. Mama alisema huyo ndiye mwanamume wa kwanza kumwona akifanya kazi bila kutaka aonekane.

Nguo nazo zilikuwa na siri yake. Gauni la kupigia picha lazima likae mwilini kama ngozi, na kitambaa hakikubali kukaa hivyo kwenye mwili mdogo namna ile. Kwa hiyo mama alilipasua mgongoni kuanzia shingoni mpaka chini, akalivuta kwa nyuma, akalibana kwa pini tatu. Mbele malkia, nyuma mgonjwa aliyetoroka wodini. Halafu alishona la pili, lile la kupelekwa kiwandani wakaliige. Hilo lilikuwa na mgongo kamili na vishikizo vinne. Kwa mbele halikukaa vizuri kama lile la kwanza, lilikuwa na mikunjo miwili mitatu. Ni gauni la kuvaliwa, si la kutazamwa.

Nyuma hapakumsumbua mtu, maana Madoido hakuwa na nyuma. Kwenye katuni yake hajawahi kugeuka. Mchoraji alisema kuchora mgongo ni kujichosha, mgongo hauongei wala haupakwi rangi ya mdomo. Miaka miwili mizima Madoido akitoka chumbani alitoka kinyumenyume, kama mtu anayemuaga mfalme, na hakuna mtoto aliyeuliza.

Katuni yenyewe iliandikwa na bwana mmoja mpole ambaye zamani alikuwa akiandika mashairi. Kila Jumatatu aliletewa karatasi kutoka kiwandani: wiki hii farasi wa zambarau, wiki ijayo jiko. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba ikifika Jumamosi, Madoido hawezi kuishi bila farasi. Kuna wiki alichoka, akaandika kwamba bibi yake Madoido amefariki. Meneja akaisoma mpaka mwisho, akauliza, "Mazikoni anakwenda na usafiri gani?" Ndivyo farasi wa zambarau alivyohudhuria mazishi.

Meneja huyo tulimwita Manukato. Harufu yake ilifika kazini dakika tano kabla yake, na iliondoka kesho yake.

Sasa, siku ya kutuma sampuli kiwandani, ilikuwa saa ya chakula cha mchana na watu wote wametoka. Mimi nilibaki chini ya meza, kwa sababu kwenye chakula watu huuliza maswali. Mikono yangu ilikuwa imepakwa mafuta, imelala juu ya meza inakauka. Nikasikia harufu, nikajua nani anakuja.

Manukato alikuwa na bahasha kubwa mkononi. Akalitoa gauni la kiwandani kwenye mfuko alioandika mama, akalinyoosha, akalitazama. Halafu akalitazama lile alilovaa Madoido wa kusimama.

"Hili limekunjamana," alisema peke yake. "Lile limekaa."

Akamvua Madoido gauni la picha, pini na kila kitu, akalitia kwenye bahasha. Lile zuri, lenye mgongo, akalitupa kwenye ndoo ya vipande. Kisha akaiona mikono.

"Kumbe upo, Mikono. Mwambie mama yako nimechukua lile lililokaa vizuri."

Nikatikisa kichwa kukubali, lakini kichwa kilikuwa chini ya kitambaa.

Na sikumwambia mama. Mchana alirudi na wenzake wanacheka, na mimi mbele za watu maneno hunikaa kooni kama mfupa. Nikasema nitamwambia jioni. Jioni alikuwa amechoka. Kesho yake ndoo ilikuwa imeshamwagwa, na jambo likilala siku moja, ukilisema utaulizwa kwa nini hukulisema jana. Mama alipoona gauni la picha halipo akalalamika kwamba studio imeingiliwa na wezi, akashona lingine. La kiwandani alijua limekwenda.

Miezi mitatu baadaye mzigo ukafika. Masanduku elfu arobaini.

Mwenye kampuni alikuja mwenyewe kufungua la kwanza. Tunamwita Mzee. Alianza maisha kwa kuuza ndoo za plastiki, na mpaka leo Madoido humwita "ile bidhaa". Akamtoa Madoido kwenye sanduku, akamwinua juu tumwone, watu wakapiga makofi. Gauni lilikaa kama limemwagwa. Halafu Mzee, ambaye ndoo huzikagua pande zote, akamgeuza.

Makofi yakafa moja moja.

Gauni lilikuwa wazi kuanzia shingoni mpaka chini, na katikati pini tatu. Si pini za kweli. Kiwanda kilikuwa kimetengeneza pini za plastiki zenye vichwa vya duara na kuzishona mahali pake kwa ustadi mkubwa. Hata ile ya chini, ambayo mama aliipinda kwa haraka, nayo ilikuwa imepinda vilevile, mara elfu arobaini. Sijawahi kuona watu wanaoheshimu kazi ya mama kiasi kile.

"Hii ni nini?" Mzee aliuliza.

Mchoraji akaulizwa mgongo wa Madoido kwenye katuni ukoje. Akasema hajui, hawajawahi kukutana.

"Fundi ametuma gauni bovu," Manukato akasema.

"Mimi nilituma lenye mgongo," mama akasema. "Na vishikizo vinne."

"Basi vishikizo vilishuka njiani?"

Watu wakacheka, kicheko kile cha kushukuru kwamba jina lililotajwa si lako. Mzee akasema anataka kujua kabla ya Ijumaa kosa ni la nani, na mwenye kosa hatamwona tena pale. Akaondoka na Madoido mkononi, kamshika kifudifudi.

Jikoni jioni ile mama alikuwa anakata vitunguu. Nikamwambia mgongo wake, maana mgongo ni rahisi kuongea nao.

"Mama, alilichukua yeye."

"Nani?"

"Manukato. Aliniambia nikwambie."

Kisu kikasimama. "Lini?"

"Siku ileile."

"Mwanangu, hiyo ni miezi mitatu."

"Najua."

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alinawa mikono, akakaa, akanitazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya: hawezi kukirudisha, anawaza kitafaa nini.

"Basi kesho utamwambia Mzee," akasema. "Maneno manne tu. Meneja alichukua gauni mwenyewe. Hata salamu usitoe, nitatoa mimi."

Nilifanya mazoezi bafuni. Niliyasema kwa ndoo, kwa sabuni, kwa taulo. Taulo ndiyo iliyoniogopesha zaidi, ilining'inia kama mtu anayesubiri jibu.

Ofisini kwa Mzee, Manukato alikuwa ameshakaa, mguu juu ya mguu. Mama akasalimia.

"Haya binti," Mzee akasema, si kwa ubaya. "Mama yako anasema uliona kitu."

Nikafungua mdomo. Ukafunguka vizuri, tatizo halikuwa mdomo. Maneno yote manne yalikuwa yamepanga foleni, la kwanza likakataa kutoka, na yale ya nyuma yakalisukuma bure. Nikaangalia zulia. Lilikuwa na doa la chai lenye umbo la sikio.

"Mzee, mtoto angekuwa ameona si angesema?" Manukato akasema taratibu, kwa huruma kabisa. "Watoto hawana siri."

Mzee akatazama saa. Mama akaniwekea mkono begani na kuniambia nisilie, ndipo nikajua nalia. Kisha akauliza, "Nikikubali nitafanywa nini?"

Manukato akasema kampuni si katili. Akikiri kwa maandishi hatafukuzwa, atapewa likizo mpaka hasira zipoe. Asipokiri, aondoke leo. Na barua atamsaidia kuiandika yeye mwenyewe, kwa wema tu. Alimsomea neno kwa neno, anatembea huku na huku:

"Mimi, fundi cherehani, nakiri kwamba mgongo ulio wazi, mpasuo wake na pini zake tatu ni wazo langu mwenyewe na kazi ya mikono yangu mwenyewe. Meneja wa matangazo hakushauriwa, hakushiriki wala hakujua." Akafikiri kidogo. "Andika tena hapo mwisho, hakujua kabisa."

Mama akaandika, akasaini. Likizo aliyopewa haikuwa na tarehe ya kurudi. Cherehani yake ikafunikwa shuka, kiti kikawekwa maboksi.

Mimi niliendelea kwenda, mama ndiye aliyetaka. "Mmoja wetu abaki ndani tujue yanayosemwa," alisema. "Tena wewe hawakuoni." Yeye alikaa nyumbani akiwashonea majirani. Lakini mkono uliozoea Madoido haurudi ukubwani kirahisi. Alishona suruali ya fundi bomba wa jirani kwa mishono midogo mno, yule bwana akairudisha akiuliza itaanza kushonwa lini. Jioni mama aliniuliza kila siku swali moja: kiti changu bado kina maboksi? Nikamjibu bado. Akasema vizuri, boksi halijui kushona.

Pale studio, Manukato alimwita yule bwana wa mashairi.

"Mzigo haurudi," akamwambia. "Tunaye Madoido mwenye mgongo wazi, watoto lazima wamtake. Andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba mgongo wazi ni jambo zuri."

"Ni zuri kwa nini?"

"Bwana, ningekuwa najua ningekuajiri?"

Maskini akaenda, akarudi na "Siku ya Upepo". Madoido ana siri, anaogopa kuwageukia marafiki zake. Upepo unavuma. Anageuka. Muziki unapanda, na pini tatu zinang'aa mgongoni: pini ya ujasiri, pini ya urafiki, na ya tatu, ambayo haikupata jina mpaka dakika ya mwisho, ikaitwa pini ya ndoto. Kamanda Chuma alitokea kwa sekunde chache akatoa chozi, ili wavulana nao wakubali. Mchoraji wiki nzima alikuwa akiwaomba watu wasimame wakitazama ukuta, ajifunze binadamu nyuma yukoje. Alisema alishangaa sana.

Tangazo nalo likawa na neno moja: "Mgeuze." Mikono yangu ilimgeuza Madoido mara thelathini na nane mpaka Manukato akaridhika kwamba nimemgeuza kwa mapenzi.

Sitaki kusema watoto ni wajinga, mimi mwenyewe ni mtoto. Ila wiki ya kwanza masanduku yakaisha nusu. Wiki ya pili wasichana shuleni kwetu walianza kuvaa sweta nyuma mbele, vifungo vimeachwa wazi mgongoni, zimebanwa kwa pini tatu. Asubuhi mwalimu mkuu akapiga marufuku pini mstarini. Mchana mwalimu wa ushoni akaja nazo, akasema za kwake ni za kufundishia. Wavulana wakaanza kugombana ni nani ana haki ya kuvaa mbili.

Msichana anayekaa mbele yangu darasani akanigeukia.

"Kimya, hata wewe huna? Si mama yako ni fundi? Mwambie akupasulie sweta, ufanane na watu."

Nikamtazama. Akageuka mbele, ukabaki mgongo wake. Ilikuwa asubuhi ya baridi na vinyweleo vimemsimama kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Nilitaka kumwambia kwamba amevaa kosa la mtu, na mtu huyo anaoga manukato. Sikusema. Nilimchomoa ile pini ya urafiki iliyokuwa inamchoma, nikaibana vizuri.

Masanduku yalipokwisha, watangazaji wa televisheni wakaja kuuliza nani aliyebuni mgongo ule. Tuliangalia nyumbani, mimi na mama, yeye ana suruali ya mtu mapajani. Manukato alikaa mbele ya ukuta mweupe, amepakwa poda.

"Wazo lilinijia nikiwa naoga," alisema. "Nikajiuliza, mwanamke wa leo anaogopa nini? Nikajijibu, anaogopa mgongo wake."

"Kumbe alikuwa anaoga," mama akasema. "Mimi nilidhani ilikuwa saa ya chakula."

Akaendelea kushona, ila nilimwona anashona mguu wa kulia na wa kushoto pamoja.

Basi Mzee akaamua. Aliyebuni mgongo apewe chumba kipya ghorofani, chenye dirisha, na nguo zote za Madoido zipite mikononi mwake kuanzia sasa. Na wakili auandikishe mtindo huo haraka uwe mali ya kampuni, maana kampuni ya pili ilikuwa imeshatoa mwanasesere mwenye pini tano. Wakili ni mtu wa karatasi. Akataka karatasi inayoonyesha wazo lilitoka kwa nani. Akafungua faili lote la Madoido, na faili zima lilikuwa na karatasi moja inayotaja mgongo.

Walikutana studio, kwa sababu Mzee alitaka aione bidhaa huku wanazungumza. Mimi nilikuwa mahali pangu chini ya meza, mikono juu. Manukato alikuja na suti mpya na poda ileile ya televisheni. Mama aliitwa, akasimama karibu na mlango na mkoba wake, kama mtu aliyekuja kuchukua kitu alichosahau.

Wakili akaisoma barua yote. Alipofika kwenye "hakujua" akainua miwani, halafu akasoma "hakujua kabisa".

"Hapa inasema hukuhusika," Mzee akamwambia Manukato.

Manukato akacheka. "Mzee, hiyo ni barua ya kosa."

"Kosa gani? Bidhaa imekwisha madukani."

"Wakati ule ilikuwa kosa."

"Kwa hiyo ilipokuwa kosa ilikuwa yake, ilipokuwa akili ikawa yako."

"Hayo maneno niliyatunga mimi. Yeye aliandika tu."

"Mimi naangalia saini," wakili akasema.

Manukato akalegeza tai. "Tuelewane. Nani alilituma lile gauni? Ni mimi. Nilimvua mdoli kwa mikono yangu hii, nikalitia kwenye bahasha. Fundi alitaka litumwe lingine, la kawaida, lina mikunjo. Ningemsikiliza tusingekuwa hapa."

"Siku ile ofisini ulisema nimetuma mimi," mama akasema.

"Nilikuwa nimesahau."

"Kuna aliyekuona?" wakili akauliza.

Halafu nikasikia harufu inakuja, kitambaa cheusi kikainuliwa, na uso wa Manukato ukashuka mbele yangu, amepiga magoti ya suti mpya sakafuni.

"Huyu hapa. Huyu alikuwepo. Mikono... mwanangu. Hebu waambie. Nani alichukua gauni?"

Na yale maneno yakaja. Hilo ndilo lililonishangaza. Yalikuja yote manne, kwa mpangilio wake, hayana woga, koo wazi kama barabara asubuhi. Meneja alichukua gauni mwenyewe. Ningeyasema bila kukwama hata kidogo. Ni ukweli mtupu, na ungempa yeye kile chumba chenye dirisha, na mama ungemrudisha kwenye suruali za majirani.

Nikamtazama mama. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Nikaangalia viatu vya Manukato. Vilikuwa vizuri sana, vyekundu kwa mbali.

"Usiogope," alinibembeleza, jasho linampitia kwenye poda. "Sema ukweli tu. Si nilikuambia umwambie mama yako? Si unakumbuka? Nitakupa Madoido. Nitakupa wawili."

Nikaendelea na viatu.

"Ana haya," mama akasema kutoka mlangoni. "Tangu mdogo yuko hivyo."

"Lakini aliniona!" Manukato akasimama. "Mzee, anajua. Ananifanyia makusudi."

"Bwana," Mzee akasema, "mtoto angekuwa ameona si angesema?"

Wakili akafunga faili.

Manukato hakufukuzwa. Watu wa aina ile hawafukuzwi, wanahamishwa ghorofa. Sasa yuko kwa Kamanda Chuma, na nasikia anataka ampe pini nne. Tukikutana kwenye ngazi ananiamkia yeye kwanza, tena kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu mlango kuona kama umefungwa. Mimi namwinamishia kichwa napita.

Mama amepata dirisha. Jumatatu ya kwanza Mzee alipanda mwenyewe mpaka kwenye chumba kipya, akaketi kwa heshima, akamuuliza ana wazo gani jingine. Nami nilikuwepo, nimetoka shule, namshikia mama kitambaa. Mama akamwonyesha gauni alilolishona wiki nzima. Lilikuwa na mgongo kamili, vishikizo vinne, bitana ndani, mshono ambao ungeuvuta mpaka uchoke wewe. Nafikiri lilikuwa gauni zuri kuliko yote aliyowahi kumshonea mtu yeyote, mkubwa au mdogo.

Mzee akaligeuza mbele, nyuma, mbele tena.

"Hili lina nini?"

"Halina kitu. Limeshonwa vizuri."

Akalirudisha mezani polepole, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake na hajui pa kumshika. "Fikiria tena, mama," akasema, akashuka.

Mama alilitazama lile gauni kwa muda. Kisha akalikunja, akalitia kwenye droo, akaifunga droo.

"Hivi siku ile," akaniuliza bila kugeuka, "maneno yalikukwama au uliyameza?"

"Niliyameza."

"Yote?"

"Yote manne."

Akacheka kwa pua, maana mdomoni alikuwa na pini. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wa pini, akachukua mkasi na kitambaa kipya, akakipima kwa jicho.

"Shika huku, unyooshe," akasema. "Safari hii tumkate mkono mmoja wa gauni, abaki na mwingine. Tuone ni nani atatokea bafuni nao."